Swali la Nne

Ukumbi wa kusahihishia mitihani, Nizwa, mwezi wa sita.
Nje joto limefika arubaini na saba,
ndani kiyoyozi kinatutia baridi ya mifupa
na sisi walimu thelathini, kalamu nyekundu mkononi,
tumejifunika shali kama wagonjwa wa homa.

Swali la nne, alama nne:
Mfereji wa kijiji wagawiwa wenye mashamba ishirini na wanne
kwa saa kumi na mbili, kila mmoja sawa na mwenzake.
Je, kila mmoja atapata maji kwa muda gani?

Mwongozo unasema: dakika thelathini.
Alama moja ya kanuni, mbili za hesabu, moja ya jibu.
Karatasi zinapita, thelathini, thelathini, thelathini,
wengine wamelipigia mstari mara mbili
kama mtu afungaye mlango kisha akaujaribu tena.

Ndipo ikaja namba 40718.
Mwandiko wa kubanana, wino umevujia kwenye kona.
Hakugawanya chochote. Kaandika:
"Msimu gani?"
Na chini yake, mbiombio:
"Kiangazi maji hutembea polepole.
Njiani mchanga hunywa kwanza, ndipo shamba la mwisho lionje.
Kwetu wa mwisho huongezewa. Mkisema sawa,
ni sawa ya saa au sawa ya maji?"

Nikaweka kalamu chini.

Mimi nina shahada ya hisabati. Baba aliitia kioo
akaitundika sebuleni kwetu Khodh, juu ya televisheni;
baba, Suleyum bin Thani, ambaye cheti chake cha Unguja
kilizungushwa ofisi tatu za Maskati kutafutiwa mhuri
hadi kikachanika kwenye mkunjo,
naye akaishia kuendesha lori la maji.
Kila mgeni huoneshwa kioo kile kabla ya kahawa.
Na miaka minne ya chuo sikuwahi
kumuuliza mhadhiri hata mmoja: msimu gani?

Lakini ngoja, nisijitie utakatifu.
Darasa la kumi na mbili walinicheka
kwa Kiarabu changu chenye harufu ya nazi.
Wenzangu walikuwa na ami wizarani, mjomba benki,
mimi nilikuwa na asilimia tisini na sita.
Namba ile haikuuliza tulirudi mwaka gani,
haikusikia lafudhi.
Ilikuwa kipofu, na upofu wake ndio ulioniona.
Sasa niitukane vipi?

Nikampa mbili. Pembeni nikaandika: anafikiri.

Bi Ghaniya, mkaguzi wa meza yetu, akashusha miwani,
akasoma, akacheka, cheko la mtu aliyekulia mitendeni.
"Ana haki huyu. Kwetu Birkat al-Mauz
watu wamenuniana miaka saba kwa hoja hii hii."
Kisha akaikata mbili yangu, akaandika sifuri,
duara safi, mkono haukutetemeka.
"Kila mwaka kuna anayeniandikia dua badala ya jibu.
Naye nimpe ngapi?"
Sikuwa na la kumjibu. Bado sina.

Jioni nilisimamisha gari kando ya mfereji.
Maji yalikuwa membamba, kimo cha kifundo cha mguu.
Nikatoa simu nipime dakika thelathini:
jani kavu likaelea, likakwama, likazunguka,
likaelea tena. Mvulana akazibua tundu la shamba
kwa kutoa jiwe na tambara, hakutazama saa.
Nilipochoka kusimama, nikaondoka.

Mwezi wa saba matokeo yatatumwa kwenye simu.
Utayasoma, 40718, alama nne pungufu,
na huenda ni hizo nne zitakazokufungia uhandisi.
Jina lako silijui, sheria inakataza.
Ila uliuliza, na ukumbi mzima haukukujibu.

Kiangazi.
Msimu ni kiangazi.
Haya, endelea.