Mishono Nje

Daktari ameandika maneno mawili.
La kwanza nimeweza kulibeba: usonji.
La pili ni refu, linashuka ngazi za Kadutu
likisimama kuhema kila baada ya silabi,
basi tumelikata, tumebaki na herufi zake.
Nimeikunja karatasi mara nne,
nimeiweka katika kopo la vifungo
kwa sababu humo mke wangu hatafuti kitu
na mimi natafuta kila siku.

Ashuza alitangulia, akihesabu.
Hospitali mpaka nyumbani: ngazi mia tatu na kumi na mbili.
Kisha mvua ilibeba mbili.
Aliketi penye pengo, akalia mpaka giza,
na watu walipita na madumu yao ya maji
wakiniambia, fundi, mtoto huyu umchape.
Nilimchapa.
Naandika hapa kwa kuwa karatasi ya daktari
haikuacha nafasi ya hilo.

Mama kutoka Walungu ameuliza
ni nani upande wetu aliyekuwa hivi.
Nikasema hakuna.
Usiku nikamkumbuka baba,
aliyekula viazi peke yake nyuma ya zizi,
aliyemjua kila ng'ombe kwa kwato matopeni
na hakuweza kukaa dakika tano kwenye arusi yangu.

Mchungaji anataka siku saba za kufunga.
Nimemjibu: mwanangu anakula vitu vitatu,
sambaza kavu, ugali wa jana, ndizi isiyo na doa.
Kufunga amezaliwa nako.

Sasa sikiliza linaloniuma.
Miaka kumi na tisa niko na cherehani hii.
Najua kuficha mshono hata jicho la bibi harusi lisiuone.
Na miaka saba yote mwanangu anavua shati,
anavua kanisani, anavua sokoni, anavua mvuani,
namvisha, anavua, namvisha kwa nguvu,
na sikuwahi kupitisha kidole changu mwenyewe
ndani ya kola, pale kwenye lebo,
pale uzi wa nailoni ulipokuwa ukimng'ata.

Jana umeme ulirudi saa nane za usiku.
Majirani waliamka kupiga pasi, kuchaji simu.
Mimi niliamka kufumua.
Nilitoa lebo, nikaligeuza shati la shule,
mishono yote nje, mifuko ikining'inia
kama masikio ya mbuzi.
Asubuhi alilivaa. Aligusa shingo. Alingoja.
Hakulivua.

Mama Cibalonza wa sabuni alicheka:
fundi, leo umemvisha mwana kinyume!
Ndiyo, mama. Siku hizi nashona hivyo.

Tumefika penye pengo.
Hanitazami; anatazama futi iliyoning'inia shingoni mwangu.
"Mbili hazipo," amesema.
Nimeokota mawe mawili, nimeyapanga.
La pili linacheza. Ameliona.
Kengele ya shule imeshalia huko chini.
Tunatafuta lingine.