Safu ya Nne

Juu kabisa Svaneti, pale barabara inapokata tamaa,
niliacha gari darajani nikapanda kwa miguu,
kishikwambi cha sensa nimekificha ndani ya koti
kisije kikafa kwa baridi.
Nyumba ya mwisho. Mnara wa mawe, ng'ombe watatu,
mbwa aliyenikagua kuliko nilivyokuja kukagua.

Mkuu wa kaya: Makvala, miaka sabini na minne, mjane.
Mwingine alalaye humu: Bekhani, sitini na tisa.
Safu ya nne ikauliza: ni nani kwake?

Akacheka. Akageuza mkate jikoni kwa mkono wa kushoto.
"Orodha yako ina nini?"
Nikamsomea kama mchuuzi asiyeziamini bidhaa zake:
mume, mwana, ndugu, mkwe,
mpangaji, mtumishi.

"Mume ninaye, yuko kule chini ya msalaba,
na aliyemchimbia ardhi iliyoganda ni huyohuyo Bekhani,
siku mbili, kwa shoka.
Ndugu zangu waliuza mashamba wakahamia Rustavi.
Mtumishi hulipwa. Huyu mara ya mwisho kumpa pesa
alinunua kengele ya ng'ombe, akanirudishia chenji."

Kibarua, basi?

"Alikuja kibarua. Vuli ile paa lilikuwa linavuja.
Alisema siku nne; siku ya tatu theluji ikafunga njia.
Kibarua akimaliza huondoka, mwanangu,
na paa hili, kila akipigilia ubao mmoja
hukuta wa pili umeoza.
Mwaka wa thelathini na moja huu.
Bado linavuja."

Nikajaribu maneno yasiyokuwa kwenye orodha.
Msaidizi.
"Msaidizi ni wa daktari."
Mwenzi.
Akatupa jicho mlangoni, mashavu yakapata rangi.
"Hilo lina kitanda ndani yake. Sisi tuna vyumba viwili."
Rafiki.
"Rafiki huja na kwaheri yake mfukoni."
Mwandani.
"Zuri. Lakini lina harufu ya kaburi."
Mkono wa kulia, nikasema, nimeishiwa.

Hapo alinyamaza.
Akautazama wake, ulioishia kifundoni
tangu enzi za kiwanda cha mbao.
"Huo ndio," akasema. "Huo hasa.
Ila mashine yako, mkono itauhesabu kama mtu?"

Bekhani akaingia na kuni,
na baridi nyuma yake kama mgeni wa pili.
Alipolisikia swali alivua kofia, akalipima
kwa uzito wa mtu aliyeulizwa bei ya fahali.
"Andika: hufungua makopo."
Nikamwambia nafasi ni ya herufi kumi na mbili tu.
"Basi andika Bekhani. Ni saba."
Jina, nikamwambia, lina safu yake.
"Sasa unauliza nini tena?"

Mbwa hakutupa shida. Safu ya kumi na moja:
mbwa, mmoja.
Tukamhesabu, akaenda kulala.

Ofisini Mestia, msimamizi wangu Zviadi alilikuta pengo
akalijaza bila kuinua macho: mtumishi.
Huenda hadi leo ndivyo dola inavyomjua.
Sikubisha. Nilikuwa na viatu vilivyolowa
na kaya sitini bado,
na sikujua ningebisha kwa neno gani.

Labda ningemsimulia theluji tu.
Kutoka barabarani hadi langoni
Bekhani alikuwa amekata njia ya mtu mmoja;
nilipita mabega yakikwaruza kingo zake.
Kutoka mlangoni hadi zizini, anakokwenda alfajiri kukamua,
kazi itakayo mikono miwili, naye anayo,
kazi asiyohitaji kufuatana na mtu,
alikuwa amekata njia ya watu wawili.