Saba Mbele, Nne Nyuma

Kaunta ya Hasmukh, Shimanzi, saa sita na nusu.
Feni inazungusha joto lilelile,
na mbele yangu seti tatu za shoki
zimelazwa juu ya gazeti la juzi.

Ya kwanza zambarau, bei ya kutongoza,
inashuka hadi tumbo la gari libusu lami.
Na matuta ya Bombolulu je?
Hasmukh akacheka: "Hayo utayapanda upandeupande, kama kaa."

Ya pili imetoka Dubai, imekwisha valiwa,
ina mafuta shingoni.
Shoki inayotoka jasho haina siri tena.
Nikairudisha chini.

Ya tatu kijivu, kimya. Kirungu kimoja juu,
ukikizungusha kinasema tik,
tik ishirini na nne toka ulaini hadi ugumu,
na bei yake kodi ya nyumba ya miezi mitatu.

Nikapiga hesabu mgongoni mwa risiti.
Jumatatu hadi Jumamosi: Mishomoroni, daraja la Nyali, bandarini,
malori ya makontena,
mashimo yaliyozibwa kwa kokoto na ahadi,
na mama kiti cha mbele, pingili mbili za mgongo zimesagika
kwa miaka thelathini ya kuinamia cherehani.
Jumapili moja kwa mwezi: uwanja wa ghala kuukuu kule Miritini,
koni za plastiki, saa ya mkononi ya Mwakio,
sekunde hamsini na nane za kuwa mtu mwingine.

Na gari ni moja. Starlet, rangi ya maziwa yaliyolala.
Ndilo la kazini, ndilo la kushindania.
Sina la akiba,
kama nisivyo na mama wa akiba.

Mwakio, chini ya gari, miguu tu ndiyo inayosema:
"Usiniulize inashuka kiasi gani. Hata jiwe hushuka.
Niulize inarudi vipi ikishapigwa.
Laini mno, gari bado linajibu shimo la jana.
Gumu mno, halisikii la mtu,
gurudumu linaachana na barabara bila talaka.
Na hesi hizi uzipake grisi.
Hapa hewa yenyewe ina chumvi, kutu haingoji mwaliko."

Tukashusha upana wa kidole kimoja.
Mwakio alitaka vitatu. Alinuna mpaka chai.

Mama akauliza bei. Nikamtajia.
Akakishika kirungu, akakisikiliza:
"Kumbe ni kama kukaza uzi. Hariri ina yake, khaki ina yake.
Fundi mbaya hushona zote kwa mkazo mmoja."

Jumapili: kumi na tisa mbele, kumi na saba nyuma.
Koni ya tatu, gari halikuinama tena
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomponyoka.
Nilikuwa wa sita kati ya kumi na mmoja.
Lakini nilipunguza sekunde mbili,
na mbili hizo zilinilevya
toka Miritini, Changamwe, Makupa, hadi mlangoni.

Usiku, tochi mdomoni, nikairudisha wiki mahali pake:
saba mbele kulia, saba mbele kushoto,
nne nyuma kulia, tik, tik,
simu ikalia, Mwakio, ana picha za ile koni ya tatu.

Jumatatu, tuta la kwanza,
mama akashika mkanda.
"Nyuma kushoto," akasema, "kuna mtu amekasirika."

Nikaegesha kando ya kituo cha mafuta, nikafungua buti,
nikahesabu: tik kumi na tatu
nilizokuwa nimezisahau ndani ya sifa zangu.

Tuta la pili tulilivuka kama mtu anayemeza mate.
Mama akatazama dirishani kitambo,
wauza mahamri, pikipiki, watoto wa shule.

"Na ile bei uliyoniambia," akasema,
"hiyo nayo uliilegeza tik ngapi?"