Hatua za Ndahani

Shamba letu la Handali halina hati.
Lina hatua mia moja arobaini na mbili,
kutoka kwenye kichuguu hadi kwenye mgunga uliopigwa na radi,
na hatua zenyewe ni za Baba, Ndahani Chilewa,
tuliyemzika Jumanne.

Leo nimepima mimi. Mia moja sitini na tisa.
Nikarudi nikipima: mia moja sabini na moja.
Kaka Masinjila akacheka kicheko cha msibani,
kile kinachoanzia puani na kuishia machoni.
"Umelirefusha shamba, Mele. Hongera."

Mama anapepeta uwele mlangoni pa tembe.
Hakuinua uso.
"Mguu wa kushoto alikuwa akiurusha.
Maksai alimvunja goti mwaka ule wa njaa,
mwaka tuliokula mbegu.
Hatua moja ya mtu, hatua moja ya korongo.
Pimeni hivyo."

Sikujua. Miaka yote nimemfuata nyuma
na sikujua kwamba anachechemea.
Nilidhani ndivyo baba wanavyotembea.

Oktoba alikuwa anaberega peke yake,
jembe likikwangua ardhi ngumu kama sufuria lililounguza,
vumbi limemkaa kwenye kope,
akifukia mbegu mahali pasipo na ahadi yoyote.
Wingu likitokea upande wa Mpwapwa
alituambia tusilinyooshee kidole.
Mgeni haonyeshwi kidole, alisema, atarudi alikotoka.

Kwelea wakishuka alisimama juu ya kilindo
akawatukana kwa majina ya watu wanaomdai.
Tulijua madeni yake yote kwa njia hiyo.

Siku ya mnada alirudi na soda moja.
Tulikuwa saba. Alitumimina kizibo kwa kizibo,
akianzia kwa mdogo, mkono hautetemeki,
na iliyobaki chupani ilikuwa ya Mama.
Yeye alinusa chupa, akasema tamu,
kesho yake akaitia mafuta ya taa.

Sitamfanya malaika. Fisi alipokula mbuzi wetu
alimchapa Masinjila mpaka majirani wakaja.
Hakuomba radhi, si usiku ule, si baadaye.
Asubuhi tulimkuta uani, kipande cha tairi mapajani,
anashona upya ndara za Masinjila, zote mbili,
ingawa iliyokatika ilikuwa moja.

Jana nimelikuta daftari langu la Hesabu, la darasa la nne,
limewekwa juu ya boriti, limelambwa na moshi.
Kurasa za nyuma zina mwandiko wake mnene.
Mvua aliipima kwa mkono: alichimba, akaingiza,
akaandika unyevu ulipokomea.
*Desemba tatu, vidole.*
*Desemba tisa, kifundo.*
Kisha ukurasa ambao sikuwa nimezaliwa wakati alipouishi,
ameunakili kutoka mahali fulani, kwa uangalifu, ili usipotee:
*Februari kumi na moja, hakuna.*
*Kumi na mbili, hakuna.*
*Kumi na tatu, Mele kazaliwa. Hakuna.*
*Kumi na nne, kiwiko.*

Nimelifunga daftari. Nikalifungua. Kiwiko.

Basi nikarudi kwenye kichuguu,
nikaanza, huku nikiurusha mguu wa kushoto,
mtu, korongo, mtu, korongo,
mabua ya mtama wa mwaka jana yakinivunjikia miguuni.
Thelathini. Sitini.
Mahali fulani karibu na mashimo ya nguchiro
bega langu likainama upande kama lake
na mkono ukaenda mgongoni wenyewe, ulikokuwa ukienda wake,
na hesabu ikanitoka.

"Ngapi?" Masinjila ananiuliza, ameegemea mgunga.
Sijui. Anza wewe.

Akavua ndara. Akaanza,
lijitu la miaka hamsini linarukaruka juani,
midomo inahesabu, shingo imekaza,
na kutoka mlangoni pa tembe, ungo ukiwa umesimama hewani,
Mama akapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu Jumanne:

"Wa kushoto, wewe! Wa kushoto!"