Kanda la Usufi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hivyo hakufika Valparaíso,
hakupanda vidato mia mbili kumi na vinne
na mtungi wa gesi, kilo kumi na tano, begani,
mvua ya Julai ikimwingia kwenye kola.

Millaray alikuwa na miaka kumi na sita.
Alianza kwa sababu ya chai:
Bibi Eduvigis, wa nyumba ya mabati ya buluu,
alimkaribisha chai ya baridi, akacheka,
akasema, "Siku hizi naipenda hivi."
Millaray akaingia jikoni, akautikisa mtungi.
Mtupu.
Tangu lini? Bibi akahesabu kwa vidole,
na vya mkono mmoja havikutosha.

Gari la gesi huishia chini, penye lami.
Dereva hugonga mitungi kwa chuma, ngo, ngo, ngo,
na waliozeekea kule juu
huisikia kama mtu asikiavyo karamu ya jirani.

Akatuita. Tulikuwa watano, kisha wanne,
kwa kuwa Yerko alitaka kwanza kujua
kama kutakuwa na fulana.
(Alirudi. Fulana hazikuwepo. Akabeba.)
Jina tulibishania wiki nzima.
Anaís alitaka Malaika wa Kilima; tukamzomea.
Tukajiita Mabega, basi.
Tulikuwa na daftari moja, la hesabu,
na kurasa za nyuma tuliandika: nani hana mtu,
nani ana mbwa mkali, nani hasikii mlango,
nani hataki kusaidiwa.

Don Eleuterio hakutaka kusaidiwa.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa kuli bandarini.
Alitutazama tukipanda, akatema mate pembeni:
"Mnabeba kama watu wanaoomba radhi."
Akashuka, ameshika ukuta, kidato kwa kidato,
akatuonyesha: goti kwanza, mgongo baadaye,
taulo begani, na pumzi uivute
kabla ya kupanda, si ukishachoka.
Jioni ile Millaray alilifuta jina lake,
akaliandika upya kwenye ukurasa wetu.

Manispaa walisema hatupo.
Chama ni mhuri, na mhuri ni mtu mzima.
Mama yake Yerko alisaini
kati ya zamu mbili za kiwanda cha samaki,
na fomu ikanuka samaki hadi dirisha la tatu.

Oktoba tukaitwa Santiago.
Zulia. Maikrofoni. Hundi ya kadibodi
ndefu kumshinda Millaray aliyeishika.
Bwana mmoja mwenye tai alimwita kesho ya taifa,
nasi tukapiga makofi, tukala vijisambusa,
tukapigwa picha na watu tusiowajua.
Hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi.
Alhamisi ndiyo siku ya gari la gesi.

Tulirudi na basi la usiku wa manane.
Asubuhi, Bibi Eduvigis akafungua mlango,
akataka kuiona picha, akaibusu,
akatusifu viatu.
Kisha akaleta vikombe.
Hakuna kilichofuka mvuke.
"Siku hizi naipenda hivi," akasema.

Millaray aliinywa yote, hadi majani.
Njiani hakusema neno. Mimi nilitaka kusema
ni siku moja tu, Bibi hakukasirika, mbona,
lakini nilikuwa nimewaza juu ya usufi,
na jinsi usivyobebeka tena
ukishanyeshewa.

Hundi tuliikatakata. Vipande viwili
vimeziba dirisha la Don Eleuterio upande wa bahari;
kutoka nje bado unasoma *milioni*
na nusu ya sahihi ya mtu.
Fedha zenyewe zilikuja Machi, pungufu.

Alhamisi iliyofuata gari lilichelewa.
Tulikaa kwenye kidato cha kwanza, mataulo shingoni,
Yerko akisinzia, Anaís akila mkate,
Millaray amesimama, hataki kukaa,
anasikiliza.