Hamsini kwa Wimbo

Karani wa mahakama ya Newala
alisoma orodha ya niliowaibia.
Akasoma, akanywa maji, akaendelea.
Kampuni za Dar es Salaam, kampuni za mbali zaidi;
majina mengine yalimshinda ulimi
akayaruka kama mtu anayevuka dimbwi.
Nilitega sikio nisikie Somoe Nampembe.
Hakuwemo.

Kibanda changu kilipakana na ghala la korosho:
mlango wa bati, kompyuta moja isiyo na ubavu,
feni ya mezani ikiipepea utumbo.
Ubaoni niliandika kwa chokaa
TUNAINGIZA NYIMBO. MOJA HAMSINI.
KADI KUJAA ELFU MBILI.
Msimu wa kupuliza walikuja na salfa kwenye kope,
noti zao zikinipigisha chafya.
"Nijazie, ndugu. Usiniulize zipi."

Wimbo wa Somoe ulinifikia bila mwenyewe,
kwenye simu ya kijana wa Kitangari,
simu mbili zimegusanishwa vichwa
kama mbuzi waliopatana.
Sauti ilikuwa na mkwaruzo pale anapomtaja mama mkwe,
na nyuma yake, ukisikiliza vizuri,
kuna mtu anajaza upepo baiskeli:
studio ya Masasi ilikuwa chumba cha uani kwa fundi.
Mwanzoni nikaubandika sauti yangu,
"Shaibu Chilemba, Newala, kwa nyimbo kali!"
Ikawa kila ulipokwenda, nilitangulia mimi.

Mali bila daftari, walisema wakubwa, huisha bila habari.
Daftari nilikuwa nalo. Mali ndiyo haikuwa yangu.
Kijistari kwa kila wimbo,
vinne vimesimama, cha tano kinavikata,
nijue upi unatoka, upi umelala.

Alikuja mwenyewe, Jumatano moja,
vidole vyeusi kwa mafuta ya kubangua,
kadi ameifunga kwenye fundo la kitenge.
"Unao ule wa mama mkwe?
Kompyuta ya Masasi ilipigwa radi.
Wangu sina."

Nikamwingizia.
Akausikiliza. Akanisikia mimi kwanza.
"Umeutoa mara ngapi?"
Nami, sijui shetani gani wa ukweli alinipanda,
nikafungua daftari.
Elfu moja mia tatu na kumi na mbili.
Alipiga hesabu kwa midomo tu.
"Elfu sitini na tano na mia sita," akasema.
"Sare ya Mwanaidi. Viatu. Deni la maji, chenji ingebaki."
Akaweka hamsini mezani.
Nikaikataa. Akaisukuma kwa kidole kimoja.
"Andika. Kumi na tatu."

Nikaandika.

Wiki ya tatu likaja gari, watu wenye vizibao.
Walibeba kompyuta, feni, hata ubao wa chokaa.
Daftari likapewa namba, likawa kielelezo,
lakini hakuna aliyelisoma.
Lingesomwa, lingemtaja.

Mahakamani nilinyoosha mkono katikati ya orodha.
Nilitaka kusema: Mheshimiwa, yupo mmoja mmemsahau,
huyo ndiye niliyemwibia akiwa ananitazama.
"Utapewa nafasi yako," akasema hakimu.
Nafasi ilipofika
nikasema, "Naomba nipunguziwe adhabu."

Faini nimelipa, ekari moja ya mikorosho ya marehemu baba.
Imekwenda ilikokwenda.
Haikupita njia ya ghalani, wala mlango wa Somoe,
ambaye siku hizi tukikutana
anaitikia salamu yangu yote, neno kwa neno,
kama mtu anayehesabu chenji.

Jana stendi, kijana muuza mayai,
simu mfukoni imefunguliwa hadi mwisho.
Mwanzoni ni mimi, najitaja jina kwa kelele.
Kisha pampu ya baiskeli, mara mbili.
Kisha yeye, anavuta pumzi.