Kilo Kumi na Saba

Boksi la zamani aliniachia Mbarouk alipohamia Maskati:
mbao nene kama mlango, magurudumu mawili kati ya manne,
kilo thelathini na nane, bila kuhesabu waya.
Mie nakaa Michenzani, ghorofa ya tano.
Hesabu mwenyewe ngazi.

Hesabu na harusi. Ijumaa Kwahani, Jumamosi Mbweni,
Jumapili hoteli ya Nungwi, ambako jukwaa liko mchangani
na gurudumu ni pambo tu.
Daktari aliutazama mgongo wangu, akauliza,
"Mwanamke wewe, unabeba nini?"
Nikamwambia nabeba besi.
Akaandika: apumzike.
Hakuandika nani atapiga.

Basi laki nne na ishirini, kutoka kopo la maziwa ya unga
(noti zinanukia maziwa bado),
nikashuka nazo Mlandege, gitaa begani,
kwa Suweid, muuza vilivyotumika:
friji, baiskeli za watoto, mashine za kufulia,
na pembeni, boksi moja jeusi, kitambaa kimechanika sikioni.

"Hili jepesi kama pamba, dada."
Analiinua kunionesha,
mishipa ya shingo inamkana.

Nimeshauziwa pamba nyingi.
Nalivusha njia hadi duka la mchele la Bi Zuweina,
nalipandisha juu ya mizani iliyotoka kupima Mbeya.
Sindano inatetemeka, inafikiri, inakaa.
Kumi na saba.
"Na kilo shilingi ngapi?" anauliza Bi Zuweina.
Tunapiga hesabu: elfu ishirini na nne na ushei.
"Ghali kuliko pweza," anasema, anarudi kwenye mchele wake.

Lakini wepesi pekee si sifa.
Ndoo tupu nayo nyepesi, na ina mlio.

Nageuza nyuma nisome kibandiko:
wati mia tatu, omu nane, inchi kumi na mbili.
Amplifaya yangu ikikutana na omu nane
hutoa kama nusu ya moyo wake.
Nusu inatosha ukumbi wa Rahaleo.
Uwanja haitoshi,
na uwanja haujaniita.
Ukiniita, nitatafuta la pili, nilibebeshe hili.

Nachomeka. Uzi mnene, wazi, bila kuubana.
Besi huisikii kwanza, unaikanyaga:
inatoka sakafuni, inashika kisigino, inapanda;
vikombe vya kahawa vya jirani vinagongana,
mlango wa friji moja unajifungua,
mtoto juu ya baiskeli ya kuuzwa anaacha kupiga kengele.
Naongeza.
Nikifika kwenye fa, boksi linakoroma.

Naweka kiganja juu ya mbao, kama apimaye homa.
Kushoto, hapana. Juu, hapana.
Kumbe skrubu moja, ya mshikio, imelegea.
Naikaza kwa sarafu ya mia mbili,
napiga fa tena, taratibu, Suweid ana mteja:
safi, mviringo, kama tonge.
Akirudi namwambia, "Linakoroma, yakhe. Punguza."

Akapunguza thelathini.
Akanibebea mpaka mlangoni, akaniombea dua ya rizki.
Hiyo thelathini ilinikaa kooni mpaka Kisonge.

Ghorofa ya kwanza, mkono mmoja.
Ya pili, mkono mmoja, na simu inaita, nikaipokea.
Ya tatu, pale kwenye korido,
Bi Mwanaisha ameshatoa kigoda chake mlangoni,
kama atoavyo kila akisikia nyayo zangu,
miaka sita sasa, bila kuombwa.
Mie sikuhema.
Nilimtazama, nikakitazama kigoda,
kilichochakaa upande mmoja, upande wangu.

Nikaketi.
Akaniletea maji. Nikayanywa yote,
polepole, kama mtu aliyechoka.
"Boksi jipya?" akauliza.
"La Suweid."
"Kakupunguzia?"
Nikamrudishia gilasi.
"Kesho nashuka tena," nikasema. "Kuna kitu nimesahau kumlipa."